Jinsi ya kuijenga upya chimni ya nyumba ya pwani iliyoliwa na chumvi

Kabla sijaanza ngoja niseme kitu ambacho kilinichukua miaka minne kukielewa: chimni ya nyumba iliyo karibu na bahari haiuliwi na moto, inauliwa na maji ya chumvi, na mara nyingi anayeimalizia ni fundi mwenye nia njema kabisa anayeamini saruji nyingi ndo uimara. Mimi nilikuwa fundi huyo. Dohani (ndo chimni yenyewe) ya kwanza niliyoijenga upya nilikoroga mota kali, yaani ule mchanganyiko wa kuunganishia matofali, ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, ikatoka imenyooka, kijivu safi, kila aliyepita anasifia, halafu miaka minne baadaye nimepanda nakuta nyuso za matofali zimebanduka kama magamba, ukigusa zinamwagika unga mwekundu mkononi, ila mota yenyewe imesimama pale pale na mashimo katikati kama sega la nyuki. Mota haikuumia hata kidogo. Matofali ndo yalikuwa yameisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini kwa chimni ya baharini ukiziba ufa kwa saruji kali ndo ukuta utaujenga mapema zaidi. Nitaeleza kwa nini, maana usipoelewa hapa hatua zote zinazofuata utazifanya kwa kukariri na utakosea mahali.

Kinachoila ni nini

Upepo wa bahari unabeba matone madogo sana ya maji ya chumvi, yanatua kwenye tofali, yanaingia kwenye vitundu vyake. Jua likitoka maji yanakauka, chumvi haiendi popote, inabaki humo ndani na kuganda kuwa fuwele, na fuwele inataka nafasi, kwa hiyo inasukuma. Ubaya zaidi ni kwamba chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu unaozidi kama asilimia 75 inanyonya maji kutoka hewani yenyewe, inayeyuka, unyevu ukishuka chini ya hapo inaganda tena. Pwani hewa inaweza kuvuka huo mstari usiku ikarudi mchana, siku baada ya siku, yaani tofali linasukumwa kutoka ndani mara nyingi sana kwa mwaka bila hata tone la mvua. Kwenye nchi za baridi ongeza barafu, maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, hapo tofali lililochoka halina ujanja.

Sasa basi, unyevu ulioingia lazima utokee mahali. Mota ikiwa laini kuliko tofali na inapumua, unyevu unatokea kwenye mota, chumvi inagandia huko, mota inachakaa pole pole na baada ya miaka mingi unaikwangua unaweka nyingine, kazi ndogo tu. Mota ikiwa ngumu na imeziba, unyevu hauna pa kutokea ila usoni mwa tofali. Mota ndo inatakiwa ife badala ya tofali, ndo kazi yake hiyo.

Halafu kuna adui wa ndani ambaye watu wengi hawamhesabu. Moshi unabeba mvuke, na ule wa makaa ya mawe na mafuta unabeba na salfa, ukipoa humo juu unakuwa maji yenye asidi, yanapenya kwenye mota kutoka ndani, salfeti, yaani chumvi itokanayo na hiyo salfa, inakutana na saruji na saruji inavimba. Ule upande unaopigwa sana na mvua unavimba zaidi kuliko upande mkavu, ndo maana unaona dohani nyingi za zamani zimepinda kama mzee aliyeupa upepo mgongo. Zikifika hapo hakuna kuzinyoosha, ni kuzishusha.

Kukagua, na kuamua ushushe mpaka wapi

Anzia chini na darubini. Angalia kama imeinama, angalia poda nyeupe, angalia michirizi ya kutu inayoshuka kutoka juu (hiyo maana yake kuna chuma ndani ya zege au mwamvuli wa bati unaoza), angalia na dari ndani ya nyumba kuzunguka dohani, doa la kahawia linalokuja na kuondoka mara nyingi ni flashingi, yaani yale mabati ya kuziba pale chimni inapotokezea kwenye paa. Vipande vya vigae vya udongo vikidondoka ndani ya meko wakati hujagusa kitu, ujue bomba la ndani limepasuka, na hapo moto usiwashe tena hata mara moja mpaka uliangalie. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya kwenye moshi, haina harufu wala rangi, haikupi nafasi ya kujuta.

Kupanda juu: jukwaa. Sio ngazi iliyoegemezwa kwenye chimni yenyewe, nimeona watu wanafanya hivyo, unaegemea kitu ambacho umekuja kukibomoa kwa sababu kimelegea! Jukwaa lizunguke pande zote nne, liwe na reli na ubao wa pembeni wa kuzuia vitu visidondoke. Tofali moja lina kilo 2.5 mpaka 3, yaani dohani ndogo ya matofali 300 unashughulika na karibu tani nzima ukijumlisha na mota, na yote hiyo iko juu ya kichwa cha mtu. Kama hujawahi kufanya kazi juu ya paa tafuta fundi mwenye uzoefu wa paa, wewe simamia mota na vipimo, hakuna aibu.

Ukiwa juu chukua bisibisi na nyundo ndogo. Bisibisi unaisukuma kwenye mota, ikizama sentimita mbili bila nguvu hiyo mota imekufa. Nyundo unagonga tofali kimya kimya, tofali zima linalia kama kengele ndogo, tiing, lililooza linajibu kwa sauti ya kufa, dup, kama umegonga gunia. Shuka hivyo hivyo kozi kwa kozi (kozi ni mstari mmoja wa matofali), pande zote nne, weka alama ya chaki kila panapojibu vibaya. Ukiwa na poda nyeupe usoni mwa tofali na hujui ni chumvi ya bahari au ni chokaa tu inayotoka kwenye mota, ulimi utakuambia, lakini kuna masizi humo, mi sikushauri (nilifanya mara moja, nikatema mate masaa mawili).

Uamuzi ni huu. Kama matofali yanalia vizuri na mota tu ndo imechoka, usibomoe, kwangua viungio, yaani mota iliyo kati ya tofali na tofali, ujaze upya, unaingia ndani kiasi cha mara mbili mpaka mbili na nusu ya upana wa kiungio, kwa kiungio cha milimita 10 ni kama milimita 20 mpaka 25, chini ya hapo utakuwa umepaka tu. Kama yaliyooza ni machache yaliyotawanyika, chomoa moja moja. Kama imeinama, au imepasuka wima kupita kwenye matofali yenyewe, au chaki yako imejaa zaidi ya kutojaa, ishushe. Na ukishusha usisimame pale unapotamani kusimama, simama pale matofali yanapolia. Wengi wanaishia kwenye mstari wa paa kwa sababu ndo panapofaa kuishia kimacho, kumbe flashingi imevuja miaka kumi na zile kozi tatu za chini ya paa ndo zimeoza kuliko zote, unajenga ghorofa juu ya tope.

Kabla ya kubomoa pia uliza kibali, sehemu nyingi nyumba za zamani zinalindwa na kubadilisha muonekano wa dohani ni kesi. Angalia viota vya ndege na nyuki. Na kama paa au bomba ni lile la shiti za saruji ya zamani, inaweza kuwa na asbestosi (nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu), usikate wala usivunje, hiyo ina watu wake.

Kushusha

Kwanza fagia masizi, halafu ziba njia ya moshi kwa chini, begi lililojazwa vitambaa na ubao mbele ya meko, na turubai zito juu ya paa kuzunguka dohani. Usiposikia hili sebule itakuwa nyeusi, vumbi la masizi linapita hata pale ambapo hewa haipiti.

Piga picha pande zote, pima urefu, hesabu kozi, pima na unene wa kiungio. Chora kwenye karatasi zile kozi zinazotokeza nje karibu na juu, lile pambo sio pambo tu, linatupa maji mbali na ukuta.

Unashusha kozi moja kwa wakati kuanzia juu, kwa tindo na nyundo, taratibu. Kofia ya zege ya juu ndo nzito na hatari, ipasue vipande ikiwa pale pale usiisukume ikaanguka nzima. Matofali yateremshe kwa ndoo na kamba, usirushe. Kama mota ilikuwa ya chokaa utashangaa, tofali linaachia lenyewe ukilitikisa, unalisafisha kwa mwiko wa zamani limekuwa jipya. Kama mtu alishawahi kuweka saruji utavunja nusu ya matofali ukijaribu kuyatenganisha.

Yale mazima yatumie tena, lakini sio kabla ya kuyatoa chumvi. Yapige brashi kavu kwanza, poda yote iondoke ikiwa kavu, ndo uyaloweke kwenye maji baridi safi kwenye pipa, ubadilishe maji mara kadhaa kwa siku chache, uyaanike kivulini. Asidi usitumie, hasa ile ya chumvi ambayo mafundi wanapenda kusafishia, unaongeza kloridi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya bahari, kwenye tofali ambalo ugonjwa wake ni kloridi. Ile sura iliyopigwa na masizi ndani usiigeuzie nje, masizi na lami vitakuja kutoboa rangi ya kahawia kwenye ukuta milele.

Ya kuongezea, chagua matofali yaliyochomwa vizuri, magumu, yasiyonyonya maji sana, na yaliyoandikwa kwamba yanafaa sehemu zinazopigwa sana na hali ya hewa. Dondoshea tone la maji usoni mwa tofali, likipotea hapo hapo kama limemwagwa mchangani, liache. Tofali lenye matundu makubwa katikati juu ya paa la baharini mi sipendi, maji yanakaa humo.

Mota

Hapa nitakaa kidogo.

Kwa matofali magumu ya kisasa, sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa iliyozimwa, 6 za mchanga, kwa ujazo, pima kwa ndoo sio kwa koleo, koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana hayafanani. Kwa matofali ya zamani laini, 1 kwa 2 kwa 9. Na kama nyumba ni ya zamani kweli, ilijengwa kabla saruji haijaenea (saruji ya Portland ilipewa hati miliki Uingereza mwaka 1824 lakini ilichukua miaka mingi sana mpaka waashi wa kawaida waiache chokaa), usitie saruji kabisa, tumia chokaa ya haidroliki, ile inayoganda hata penye unyevu, sehemu 1 kwa 2.5 au 3 za mchanga. Ile yenye namba 3.5 (namba ikipanda na nguvu inapanda) inatosha kazi nyingi, juu kabisa kwenye kozi zinazopigwa zaidi wapo wanaopanda mpaka namba 5. Penye saruji na moshi wenye salfa, chukua saruji inayohimili salfeti.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Najua uko pale pale, bure, mweupe, na ndo kosa ambalo halirekebishiki, unakuwa umeikoroga chumvi ndani ya ukuta kwa mikono yako mwenyewe. Mchanga mkali ulioshwa, wenye chembe kubwa na ndogo zimechanganyika. Maji nayo yawe ya kunywa.

Jinsi ya kujua imekolea: chota kwa mwiko, ugeuze mwiko kichwa chini, mota ibaki imening'inia sekunde moja mbili kisha ianguke kipande kimoja. Ikimwagika ina maji mengi, itanywea na kupasuka. Isipoanguka kabisa ni kavu, haitashika tofali. Mota ya chokaa ikoroge, iache ipumzike kidogo, ikoroge tena, utaona inalainika bila kuongeza maji, vijana wana haraka ya kuongeza maji pale. Vaa miwani na glavu, chokaa ikiingia jichoni inaunguza, ndoo ya maji safi iwe karibu muda wote.

Kupanda tena

Matofali yaloweshe kabla ya kuyajenga, yawe na unyevu ila yasing'ae maji, tofali kavu linainyonya mota mpaka inakuwa unga. Tofali la zamani nalizamisha ndoo mpaka mapovu yaache kutoka, nalitoa nalisubiri uso wake upoteze mng'ao, ndo naliweka.

Kozi ya kwanza juu ya yale matofali mazima ya chini ndo inaamua kila kitu. Pimamaji pande nne, halafu pima mshazari kona kwa kona, mishazari miwili ikilingana ni mraba. Kuanzia hapo timazi kila kona, kozi mbili tatu unaangalia tena, maana dohani ni ndogo na kosa la milimita tatu kwa kozi huwezi kulificha juu. Viungio jaza kabisa, vya kusimama pia, sio kupaka midomo miwili na kuacha katikati wazi, ule uwazi ndo bomba la maji. Kwa siku moja usipande zaidi ya mita moja na kitu, kwa chokaa tupu hata chini ya hapo, ya chini inahitaji muda kabla hujaibebesha.

Bomba la ndani linapanda pamoja na matofali, sio baadaye. Vigae vya udongo vile vinavyoingiliana, mdomo mpana uangalie juu, ili maji yanayochuruzika ndani yaendelee kubaki ndani ya bomba yasitoke kwenye kiungio kuingia kwenye ukuta. Watu wanavipindua kwa sababu vinapangika rahisi, halafu wanashangaa ukuta unalia. Viungio vyake vinatumia mota ya kuhimili moto, na kila kigae ukikiweka ingiza mkono na sponji ufute kilichotokezea ndani, kile kibonge kikikauka kinakuwa rafu ya kukusanyia masizi. Ukiamua bomba la chuma badala ya vigae, pwani chukua stenlesi ya daraja 316, ina molibdeni inayoisaidia kupigana na chumvi, ile ya 304 inaanza madoa ya kutu mapema. Boiler za gesi zile zinazotoa moshi wa baridi zina mabomba yake maalum, fuata mtengenezaji kasemaje. Na mbao za paa zikae mbali na matofali, milimita 50 ni kipimo cha kawaida kwa dohani iliyo ndani ya nyumba, usizikaze kwenye chimni eti zisaidiane.

Urefu: Marekani kanuni inayotumika sana ni angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye paa, na angalau sentimita 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa usawa. Uingereza wanaongeza na kikomo cha juu, isizidi mara 4.5 ya upande wake mwembamba, vinginevyo ifungwe kwa vyuma. Hata kama kwako hakuna sheria, upepo wa bahari hausomi sheria, dohani nyembamba ndefu ni mlingoti bila tanga.

Flashingi

Ukiniuliza pesa niweke wapi kwenye kazi nzima, nitakwambia hapa na kwenye kofia, matofali baadaye. Bati la kawaida lililopakwa zinki kando ya bahari usilitie, linaonekana jipya siku ya kwanza na chumvi imeshaanza kulifungua kwenye kila ncha iliyokatwa. Aluminiamu nayo haipatani na mota mbichi, ile alkali inaila, na chumvi inaitoboa vitundu. Risasi, shaba, au stenlesi 316, chagua moja na usichanganye. Maji yanayoshuka kutoka kwenye shaba yakipita juu ya aluminiamu au zinki yanaimaliza, kwa hiyo angalia na gata zako, yaani mifereji ya maji ya paa, ni za nini kabla hujanunua shaba. Misumari iwe ya metali ile ile au stenlesi.

Vipande ni vinne: cha mbele kinachoteremka juu ya vigae vya paa, vya pembeni vinavyopanda kama ngazi kufuata mteremko, cha nyuma ambacho ni kama mfereji, na juu ya vyote kile cha kufunika ambacho ncha yake inaingia ndani ya kiungio cha matofali milimita 25, inakazwa kwa vipande vya kabari halafu kinajazwa. Kinaingia NDANI, sio kugandishwa usoni kwa silikoni, silikoni ikiachia nusu milimita tu umepata faneli. Acha viungio hivyo wazi kwa kina wakati unajenga, ni rahisi mara mia kuliko kurudi na grenda. Risasi usikate vipande virefu zaidi ya mita moja na nusu, inatanuka juani na kunywea usiku, kirefu kinajikunja mpaka kinapasuka.

Dohani ikiwa na upana wa zaidi ya sentimita 76 hivi kwa upande wa nyuma unaopokea maji ya paa, tengeneza kiji-paa kidogo cha mgongo huko nyuma kigawanye maji kushoto na kulia. Bila hicho majani na mchanga vinajaa pale, vinabaki vimelowa mwezi mzima.

Na pale dohani inapopita paa weka trei ya kuzuia unyevu, shiti ya metali inayovuka unene wote wa ukuta na kutoa maji nje juu ya flashingi. Hiki ndo kitu ambacho dohani nyingi za zamani hazina, na ndo sababu dari inalowa hata flashingi ikiwa mpya, maji yanashuka NDANI ya matofali na kuipita flashingi kwa nyuma.

Kofia

Fundi akikwambia atamalizia juu kwa mota, amwage mabaki ya ndoo, ayalambishe mteremko, mkatalie. Mota pale juu inapasuka mapema sana na ufa mmoja wa nywele unatosha kunywesha dohani nzima. Ni zege, lenye kokoto ndogo, unene usiopungua milimita 50 pembeni na zaidi katikati kwenye bomba ili maji yatelemke, na litokeze nje ya matofali milimita 50 pande zote. Chini ya ule utokezo weka kijifereji, mi natumia kipande cha kamba nene kilichopigiliwa kwenye boksi la mbao kabla ya kumwaga, nikikitoa kinaacha mfereji, maji yakifika pale yanadondoka badala ya kurudi ukutani kwa kujipendekeza.

Zege lisishikane na bomba la moshi. Bomba linapata moto linatanuka, zege ni baridi, mmoja lazima apasuke. Zungushia bomba kamba inayobonyea au karatasi nene kabla ya kumwaga, zege likikauka jaza ule uwazi kwa silikoni ya kuhimili joto. Chini yake nako tandika shiti ili zege lisigande na matofali. Bomba litokeze juu ya zege kama milimita 50 mpaka 100. Nondo za kawaida usiweke, zege hili ni jembamba, chumvi itafika kwenye chuma, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, inalipasua kutoka ndani. Nyuzi za glasi zile za kuchanganya kwenye zege au nondo ya stenlesi.

Juu ya bomba mwamvuli wa stenlesi 316 wenye wavu wa kuzuia ndege, umefungwa kwa skrubu za aina hiyo hiyo. Kama meko hayatumiki tena usizibe kabisa, weka kifuniko chenye matundu ya hewa na tundu lingine chini, dohani iliyofungwa pande zote inatoa jasho ndani.

Kuisubiri

Jua na upepo wa bahari vinaikausha mota kabla haijaiva, na mota iliyokauka bila kuiva ni vumbi lililosimama. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, turubai juu yake, nyunyizia maji baridi asubuhi na jioni kwa wiki angalau moja, ya chokaa iongezee. Usijenge joto likikaribia nyuzi 5 za Selsiasi kushuka. Nimeshaona turubai limepeperuka usiku na upepo ukapiga upande mmoja mpaka asubuhi, wiki mbili baadaye upande ule ukipitisha kidole mota inatoka na kidole, tulikwangua yote.

Rangi usipake, wala varnishi, wala yale madawa yanayoacha ngozi inayong'aa, unaifungia chumvi ndani. Kama unataka kinga ipo ile ya sileni na siloksani inayopenya na kuacha ukuta upumue, ila subiri mwezi na zaidi, na ukuta uwe mkavu na hauna chumvi, ukuta ukiwa tayari una chumvi ndani mi naiacha kabisa.

Moto wa kwanza subiri kama siku 28. Kabla yake jaribu kwa moshi, washa kitu kidogo cha kutoa moshi chini, funika juu kwa muda, mwenzako azunguke nyumba na dari na tochi kutafuta panapovuja. Halafu moto mdogo, vijiti tu, kesho yake mkubwa kidogo, siku tatu nne hivyo, maana ndani bado kuna maji na ukiyachemsha ghafla yatatoka kwa kupasua. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe chumbani tangu siku hiyo.

Miezi ya kwanza utaona poda nyeupe ukutani, usipaniki, ni unyevu wa kazi unatoka. Ipige brashi ikiwa kavu uikusanye, usiimwagie maji kwa sababu utairudisha ndani. Ila ikirudi kila baada ya mvua, mahali pale pale, ukanda wa upana wa mkono chini ya kofia au juu kidogo ya paa, acha brashi, chukua ngazi ya paa upande uangalie kipande cha flashingi au silikoni kilicho juu yake kabisa, mara nyingi utakuta ncha moja imenyanyuka kiasi cha kupitisha kadi.